Kaimu wa Pistoni

Pikipiki ilirudi gereji ikiwa nzima, na hilo ndilo lililomkera Mama Mizani. Kitu kikivunjika, unajua pa kuanzia. Kitu kinachorudi kizima huku kimebeba ubaya ndani yake kinakugeuza mpiga ramli.

Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kwenye mifuko ya aproni, akiisikiliza tangu ilipokata kona ya duka la vioo. Sauti haikuwa na kasoro. Ilikuwa nzito, pigo moja moja, kama mtu mnene anayepanda ngazi bila haraka: sauti ya injini ya silinda moja iliyoundwa kabla yeye hajazaliwa. Lakini binti yake alipoizima na kuvua kofia ngumu, alifanya kitu ambacho mama yake alikiona kabla ya salamu. Alikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia, kama mtu anayefukuza ganzi.

Mtaa mzima ulimwita binti huyu Kiberiti, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

"Vipi?" aliuliza Mama Mizani.

"Safi."

"Sikuuliza kama umeiosha. Nimeuliza vipi."

"Inatetemeka kidogo. Mama, hii ni babu wa pikipiki. Ulitaka itulie kama friji?"

Kutoka ng'ambo ya barabara, Fundi Viti, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona makochi na ya pili kusikiliza ya wenzake, akadakia: "Mwache mtoto! Hata mimi nikifika umri huo mtanikuta natetemeka."

"Wewe unatetemeka leo hii ukimwona mkeo anakuja," Mama Mizani alimjibu bila kugeuka.

Kiberiti alicheka, akaenda kunywa maji. Mama yake hakucheka.

Kesho yake asubuhi Kiberiti alikuwa apande mlima. Chama cha waendesha pikipiki kuukuu kilikuwa na mashindano yake: kupanda barabara ya mlimani kwa kasi, kuzunguka mnara wa simu kileleni, kisha kushuka kwa upande wa pili. Kupanda hakukumtisha Mama Mizani. Kushuka ndiko kulikomnyima usingizi. Upande mmoja wa barabara ile ni ukuta wa mawe, upande mwingine ni hewa. Mtu akiwa anateremka pale kwa kasi, halafu kitu kikaachia, hakuna cha kushika.

Na injini ile ilifunguliwa na kuundwa upya mikononi mwake. Mikononi mwake na mwa mkwe wake.

Mkwe, mume wa Kiberiti, ndiye aliyeendesha mashine ya kukereza vyuma. Ukimpa kipande cha chuma na kipimo, atakuletea pini inayokaa tunduni mwake kama jicho kwenye kope. Kila alichokikereza alikipitishia tupa ukingoni, hata kama hakuna atakayekigusa tena, ili kisije kikamkata mtu. Kijana wa dhahabu. Ila mbele ya mama mkwe wake ulimi ulimganda. Hakupita mbele yake bila kuomba radhi, hakukaa kabla yeye hajakaa, na akiulizwa kama rangi hii ni nyeusi au nyeupe, jibu lake lilikuwa lilelile: "Kama utakavyoona, Mama."

Mwanzoni Mama Mizani alilipenda jambo hilo. Nani hapendi mkwe mwenye adabu?

Sasa alichuchumaa kando ya pikipiki, akapitisha kidole kwenye boliti ya mbele, ile inayoishika injini kwenye fremu. Kidole kilirudi na vumbi jekundu, laini kama poda. Halikuwa vumbi la barabarani. Lilikuwa chuma kilichosagwa na chuma.

"Mkwe, njoo. Unaona?"

"Naona, Mama."

"Unaona nini?"

"Unachokiona wewe, Mama."

Alitamani kumrushia spana. Badala yake alimpa. "Kaza."

Mkwe alikaza. Boliti ilizunguka zaidi ya ilivyopaswa, na wote wawili waliliona hilo, na hakuna aliyesema kitu. Boliti hiyo waliikaza pamoja siku iliyotangulia.

Hapo ndipo Mama Mizani alipoanza kuogopa kweli, maana kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Kusawazisha krenki si muujiza. Ndani ya injini pistoni inapanda na kushuka, na krenki inageuza kupanda na kushuka huko kuwa mzunguko. Pistoni ina uzito, na kila inapofika juu na kugeuka inataka kuondoka na injini nzima. Kwa hiyo krenki hupewa uzito upande wa pili, wa kuivuta irudi. Lakini huwezi kubeba uzito wote wa pistoni. Ukibeba kidogo mno, injini inaruka juu na chini. Ukibeba mwingi mno, inaacha kuruka na kuanza kusukuma mbele na nyuma. Unatafuta katikati, mahali ambapo mwendeshaji anaweza kuvumilia, na vyuma navyo vikavumilia.

Kwa kutafuta hiyo katikati kuna kopo. Unailaza krenki juu ya reli mbili nyembamba za chuma, zilizonyooshwa kwa pimamaji. Pale ambapo pistoni ingekaa unaning'iniza kopo lenye uzito uliokokotoa. Krenki ikijizungusha yenyewe na kushusha upande mmoja, upande huo ni mzito. Unautoboa kwa drili, kidogo kidogo, hadi ufike mahali ambapo popote utakapoiacha inakaa palepale. Kopo la Mama Mizani lilikuwa la rangi ya viatu, limefungwa waya, ndani limejaa nati, washa na vipande vya risasi. Kwa kuwa lilikalia nafasi ya pistoni bila kuwa pistoni, waliliita Kaimu.

"Kaimu akikosea, bosi ndiye anayeaibika," alikuwa akipenda kuwaambia wateja.

Siku ya kupima, aliweka kwenye mizani pistoni mpya, ringi zake na klipu zake, Mkwe akiwa amesimama pembeni mikono nyuma. Pini ya pistoni, ile inayoiunganisha pistoni na konrodi, fimbo inayofika kwenye krenki, Mkwe alikuwa ameikereza mwenyewe, kwa sababu madukani haikupatikana tena. Mama Mizani aliipokea, akaigeuza mwangani, akaisifu kimoyomoyo, akaitia mfukoni isije ikapotea. Akapima vingine vyote. Akajaza Kaimu. Akaenda zake nyumbani.

Alipokuwa akiloweka aproni ndipo mkono wake ulipogusa kitu kigumu ndani ya karatasi ya mafuta.

Alisimama pale na mikono yenye povu kama mwizi aliyemulikwa tochi. Yeye, aliyeitwa Mama Mizani tangu Kiberiti hajaota meno, amesahau kupima pini. Na mbele ya nani? Mbele ya mkwe.

Angeweza kusema. Ingekuwa sentensi moja: nimesahau pini, tuanze upya. Badala yake aliwahi gereji asubuhi kabla ya mwenzake, akapima pini, akakokotoa fungu la uzito wake, akatafuta gololi za beringi zenye uzito huo, akafungua kifuniko cha Kaimu, akazimwaga juu ya vilivyomo, akafunga. Kopo zima hakulipima upya. Lilikuwa kopo lake, alilijaza kwa mkono wake, na mlango ungeweza kufunguliwa wakati wowote.

Ulifunguliwa kweli.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Lete drili."

Siku hiyo chuma kilitaka kutobolewa zaidi kuliko alivyotarajia. Alitoboa, akarudisha krenki relini, ikashuka tena, akatoboa tena. Alishangaa, kisha akajijibu kwamba pistoni mpya ni nzito kuliko ile ya zamani, basi ndiyo maana. Mkwe aliyatazama mashimo yale, akafungua mdomo, akaufunga. Mama Mizani alimwona. Alidhani anapiga miayo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake, na hadi leo alijiambia kwamba si siri, ni kosa lililokwisha kurekebishwa. Mtu haendi kutangaza kidonda kilichopona. Lakini kidonda kilichopona hakitoi vumbi jekundu.

Kiberiti alirudi akijifuta mdomo kwa kiganja.

"Simama hapa," mama yake alimwambia. "Funga macho. Nionyeshe kwa mikono jinsi inavyokutetemesha. Usiniambie. Nionyeshe."

"Mbele ya watu?"

"Fundi Viti ameshakuona ukiwa na nepi. Onyesha."

Kiberiti alifumba macho, akashika mpini usiokuwepo. Mama Mizani alikuwa amejiandaa kuiona mikono ikipanda na kushuka. Kama hesabu yake ya pini ilipungua kidogo, ndivyo ingekuwa, na hilo angeweza kuishi nalo mpaka baada ya mashindano. Mikono haikupanda wala kushuka. Ilikwenda mbele ikarudi nyuma, mbele, nyuma, haraka haraka.

"Hivi. Kama mtoto aliyeng'ang'ania mpini anavuta anataka peremende."

"Si juu na chini?"

"Juu na chini ningezoea. Hii inaning'oa mabega."

Mama Mizani aliurudia mwendo ule kwa mkono wake mwenyewe. Mbele na nyuma. Maana yake krenki inabeba mwingi mno. Lakini yeye alikuwa ameongeza kile tu kilichopungua, hakuzidisha hata chembe. Uzito wa ziada ulitoka wapi?

Alimtazama Mkwe. Mkwe alikuwa akitazama sakafu.

"Ngojeni hapo," alisema, akaingia stoo.

Neno "ngoja" Kiberiti alilifahamu kwa maandishi tu.

Stoo ilikuwa na giza la mchana na harufu ya grisi. Kaimu alikuwa rafuni mahali pake, amekaa kimya kama ofisa anayesubiri uhamisho. Mama Mizani alimchukua, na mkono ulimwambia kabla ya macho: lilikuwa zito. Zito kuliko haki. Asubuhi ile ya gololi alilifungulia palepale rafuni, na baadaye alilining'iniza kwenye krenki kichwa chake kikiwa na wasiwasi wa kuonekana, kwa hiyo mkono ulipewa taarifa na haukuipeleka popote.

Alifungua kifuniko, akamimina kila kitu kwenye sinia la kuoshea vyuma. Zilitangulia gololi zake, zikakimbilia pembeni. Zikafuata nati, washa na vipande vya risasi alivyovikata mwenyewe kwa patasi, vibaya vibaya. Mwisho kabisa, kutoka kitakoni, kikadondoka kitu ambacho hakukitia yeye: kidonge cha risasi, duara kamili, kimekerezwa kikang'aa. Alikipitishia kidole ukingoni. Ukingo ulikuwa umelainishwa kwa tupa, ili usije ukamkata mtu.

Alikitia kwenye mizani. Kilikuwa na uzito uleule wa gololi. Uleule.

Wakati huo ndipo aliposikia pikipiki ikiwaka.

Alitoka mbio, akagonga kiuno kwenye jiliwa, akafika mlangoni akaona mgongo wa Kiberiti ukipotelea kwenye kona ya duka la vioo.

"Kiberiti! We Kiberiti!"

"Amekwenda kujaribu mteremko wa machimbo," alisema Mkwe. Spana ilikuwa bado mkononi mwake. "Amesema boliti imeshakazwa na wewe umemruhusu, Mama."

"Mimi nimeruhusu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mpigie simu."

"Simu yake iko mezani."

Mteremko wa machimbo ulikuwa nje kidogo ya mji, barabara ya malori ya mawe, lami iliyofunikwa vumbi, mkali kama wa mlimani. Kiberiti alikuwa akienda kufanya leo kile ambacho angekifanya kesho: kuishusha pikipiki kwa kasi, injini ikilia kwa gia ya chini, na kila pigo likivuta fremu mbele na nyuma kama mtu anayekata waya kwa kuukunja na kuukunjua.

Mama Mizani alivuka barabara. Pikapu ya Fundi Viti ilikuwa imeegeshwa na funguo ndani, makochi mawili mapya yamefungwa nyuma.

"Naiazima."

"Makochi ya mteja hayo! Mama Mizani! Bibi harusi anayangoja!"

"Akae mkekani!"

Mkwe alirukia upande wa abiria mlango ukiwa bado wazi.

Walipita duka la vioo, wakapita kituo cha mafuta, wakatoka penye nyumba za mwisho. Mama Mizani aliendesha kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alitoa kidonge cha risasi mfukoni, akakiweka mbele ya kioo, juu ya dashibodi, mahali ambapo mtu hawezi kujifanya hakioni.

"Hiki cha nani?"

Mkwe alikitazama. Makochi yaligonga ubao nyuma.

"Nakuuliza, baba."

"Changu, Mama."

"Ulikitia lini?"

"Jioni ile ya kupima. Ulipokwisha kuondoka. Nikakifukia kitakoni, chini ya vyako."

"Kwa nini?"

"Pini ilikuwa mfukoni mwako, Mama. Niliikereza mimi, nilikuwa nangoja kuona itakavyokuwa kwenye mizani. Haikupanda mizanini. Nikaona aproni imevimba, nikajua. Uzito wake nilikuwa naujua."

"Ukajua. Ukanyamaza."

"Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo!" Alipiga usukani. "Mungu alikupa mdomo wa kulia ugali tu?"

"Nilirekebisha, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nililipima kopo zima baadaye. Lilikuwa sawa. Lilikuwa sawa kabisa, naapa."

Barabara ilikuwa imeanza kuinama kuelekea machimboni, na vumbi la lori lililotangulia lilining'inia hewani. Mama Mizani aliona hapo nafasi ya kuponyoka, pana kama mlango wa gereji. Kijana huyu aligusa kopo bila ruhusa. Kijana huyu aliongeza uzito kwa siri. Angeweza kumwachia mzigo wote, naye angeubeba, angeomba na radhi juu yake. Asingejua hata siku moja habari ya gololi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini safari hii kifo kilikuwa kimepanda pikipiki kumfuata mtu mwingine.

"Lilikuwa sawa," alisema hatimaye. "Lilikuwa sawa mpaka asubuhi nilipokuja na gololi."

"Gololi gani, Mama?"

"Pini niliikuta kwenye aproni nikifua. Nikaja mapema ili usinione. Nikaongeza. Sikupima tena." Maneno yalimtoka kama meno. "Wewe uliongeza chini, mimi nikaongeza juu. Mimi nikaficha kosa, wewe ukalifunika. Halafu nikatoboa chuma kufuata kopo la watu wawili."

Mkwe aliweka kiganja mdomoni. Kisha akasema kitu kwenye kiganja hicho.

"Sikusikii."

"Yale mashimo. Nilipoyaona nilijua ni mengi. Nilitaka kusema."

"Nilidhani unapiga miayo."

Aliongeza mwendo. Kona ya kwanza ilikuja, pikapu ikaegemea, kochi moja likateleza likapiga mgongo wa kabini. Kona ya pili ilikuwa ndani ya vumbi.

"Mama, punguza."

Hakupunguza. Macho yake yalikuwa mbali chini, yanatafuta kofia nyekundu.

"Mama. Kona. Mama, BREKI!"

Alikanyaga. Pikapu ilikwaruza kokoto, ikasimama kando, na lori la mawe likapita ubavuni mwao likipiga honi ndefu, karibu kiasi cha kuweza kusoma maandishi ya vibandiko vya dereva. Vumbi lilipotulia, wote wawili walikuwa wakihema.

"Samahani, Mama," alisema Mkwe.

"Ukiomba samahani tena nitakushusha," alijibu, akaingiza gia.

Waliikuta alama ya tairi kabla ya kumkuta yeye. Ilianza katikati ya barabara, mstari mmoja mweusi wa gurudumu la nyuma, ukayumba kushoto, ukarudi, ukayumba tena, ukatoka nje ya lami mahali ambapo mteremko ulikuwa mkali kuliko kote. Mama Mizani aliufuata kwa macho. Upande wa kulia palikuwa na shimo la machimbo, refu, lenye maji ya kijani chini. Mstari ulikwenda kushoto.

Kushoto palikuwa na rundo la kokoto. Pikipiki ilikuwa imejichimbia humo hadi kwenye injini, na kando yake, juu ya rundo, alikuwa amekaa Kiberiti, kofia mapajani, suruali imechanika gotini. Alikuwa akiitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimejikunja na havikutaka kukunjuka.

Mkwe alifika wa kwanza. Alipiga magoti kwenye kokoto, akaishika ile mikono na kuanza kuisugua, bila neno, kwa jinsi anavyosafisha kitu kilichotoka mashineni.

Mama Mizani hakwenda kwa binti yake. Alimwona anapumua, ikatosha. Kama angemgusa angelia, na kulia kulikuwa na zamu yake. Alikwenda kwenye pikipiki. Boliti ya mbele ilikuwa imekatika. Bomba la mbele la fremu lilikuwa limepasuka karibu mzunguko mzima, limebaki kushikwa na kipande cha upana wa ukucha. Ule ufa ulikuwa mweupe, mpya, isipokuwa mwanzo wake, ambao ulikuwa umeshapata vumbi jekundu.

"Ilisogea," Kiberiti alisema nyuma yake. "Injini ilisogea chini yangu, Mama, kama mtu anapogeuka usingizini. Nikafunga mafuta. Breki ya mbele sikuigusa, nilijua nikiigusa inakatika vipande viwili. Nikaona kokoto."

"Ulifanya vizuri."

"Nilisema umeniruhusu. Nilidanganya."

"Hilo tutalizungumza ukiwa na mikono."

Kiberiti aliinua macho, akamtazama mama yake, akamtazama mumewe, akaona nyuso mbili zenye hatia ileile, kama watoto waliokutwa na sufuria moja.

"Nani kati yenu?"

"Mimi," walisema wote wawili.

Mama Mizani akaeleza. Alieleza kwa kifupi na hakuacha kitu: mfuko, aproni, gololi, kidonge cha risasi. Mkwe aliongeza sehemu yake. Alipomaliza, Kiberiti akaanza kucheka, kicheko kibaya chenye machozi, akivuta pua.

"Kwa hiyo mama anaona haya kwa mkwe, mkwe anaona haya kwa mama, mimi napelekwa shimoni. Heshima zenu zingenizika. Halafu mngekaa msibani mkipishana viti. 'Karibu ukae, Mama.' 'Hapana, kaa wewe, baba.'"

Mkwe aliendelea kusugua vidole. Kimoja kikakunjuka, halafu cha pili.

Mashindano yalifanyika bila yeye. Waliyasikia kutoka mjini, sauti za injini kuukuu zikipanda mlima, na Kiberiti alikaa mlangoni mwa gereji akizitaja moja moja kwa sauti na kuzitukana. Bibi harusi, yule mteja wa Fundi Viti, alipata kochi moja zima na moja lenye kovu, na Fundi Viti alipata hadithi ambayo aliisimulia kila siku ikiongezeka kona na malori.

Walifungua injini tena. Fremu ilichomelewa na kutiwa bomba jipya. Yale mashimo ya ziada Mkwe aliyaziba kwa vizibo vya chuma, akavikereza vikalingana na uso wa krenki kiasi kwamba hukuweza kuviona, ila kucha ilivihisi. Kaimu alimwagwa, akajazwa upya. Safari hii kila kipande kilipanda mizanini mezani, katikati yao, na Mama Mizani alikitaja kwa sauti kabla ya kukiweka, na Mkwe alitakiwa kukitaja baada yake. Pistoni. Pistoni. Ringi. Ringi. Pini. Alipofika kwenye pini aliishika juu zaidi kuliko vingine.

"Nzuri hii," alisema. "Nilitaka kukwambia siku ile."

Mkwe alitazama sakafu, lakini masikio yake yalicheka.

Krenki ililazwa relini, Kaimu akaning'inia. Mama Mizani aliigeuza robo, akaiachia. Ikakaa. Akaigeuza tena. Ikakaa. Kiberiti, aliyekuwa ameegemea jiliwa akila embe, aliacha kutafuna. Ikageuzwa chini juu, ikaachiwa, na kwa muda mrefu hakuna kilichosogea chumbani humo isipokuwa vumbi kwenye mwanga wa dirisha. Kisha krenki ikajivuta polepole, upana wa unywele, kuelekea kushoto.

Mama Mizani alinyoosha mkono kuchukua drili.

"Mama," alisema Mkwe.

"Nini?"

Alikuwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye pikapu. "Nadhani… reli ya kushoto imeshuka. Si krenki."

Kiberiti alimtazama mumewe kana kwamba amevua shati kanisani.

Mama Mizani aliweka drili chini. Alichukua pimamaji, akalifuta kwa aproni, akalilaza juu ya reli ya kushoto, akainama mpaka jicho likawa usawa wa kile kipovu. Akalihamisha reli ya kulia. Akalilaza kupita zote mbili. Hakuharakisha.

"Ziko sawa," alisema. "Ni krenki."

Mkwe alirudisha mikono nyuma. "Samahani, Ma—"

"Nilikwambia nini kuhusu samahani?"

"Utanishusha."

"Basi." Aliirudisha krenki mahali pake, akaweka alama ya chaki pembeni pale ilipotaka kushuka, akampa drili yeye, mpini ukiwa mbele. "Toboa kidogo. Na tukimaliza, kabla hatujafunga, uziangalie zile reli tena."

"Lakini umesema ziko sawa."

"Nimesema," alijibu Mama Mizani. "Na wewe uangalie."